Radi Ilipopiga Nyumba Yenye Asiransi

Nyumba yetu ya Muheto, huko Masisi, ilipata asiransi, yaani bima, kwa sababu ya maziwa. Mume wangu anatoka katika familia ya wafugaji wa milima ya Masisi, na alikuwa mwanachama wa kooperative inayokusanya maziwa asubuhi. Mwaka mmoja viongozi wa kooperative walipatana na kampuni fulani ya Goma kwamba mwanachama anayetaka anaweza kuiwekea nyumba yake asiransi, na mchango uwe unakatwa kidogo kidogo kwenye maziwa anayopeleka. Mume wangu akakubali. Aliporudi kunieleza, nilimuuliza watu hao watatulinda na nini. Akasema moto, radi na upepo mkali. Nikamuuliza, na vita je? Akasema vita haimo, hata uporaji haumo.

Nikaona basi ni bure. Tangu utoto wangu Walikale mpaka ndoa yangu Masisi, nilikuwa nimekimbia nyumba zaidi ya mara moja, na sijawahi kukimbizwa na upepo.

Mimi ni mtu wa Itebero, kule Walikale msituni. Kwetu nyumba zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa majani. Nikiwa msichana, nyumba ya baba iliungua kwa cheche ya jikoni. Watu walikuja kesho yake bila kuitwa. Wanaume wakakata miti, wanawake wakabeba majani na kukanda udongo, na mvua kubwa za msimu zilitukuta tumeshaingia ndani. Hakuna aliyetuuliza moto ulianzaje. Kwa hiyo niliposikia neno asiransi niliona kama watu wa mjini wanauza kitu ambacho kwetu watu walipeana tu. Sikufikiri kwamba nyumba ya Muheto ilikuwa ya mbao za kupasuliwa na mabati na misumari, vitu ambavyo jirani hata akupende vipi hawezi kwenda kuvikata msituni.

Ajenti wa kampuni ile alikuja kuiona nyumba kabla ya kuandika kontra ya makubaliano. Alikuwa mama kijana, amevaa buti za mvua, ametapakaa tope mpaka magotini kwa sababu pikipiki ilikuwa imekwama njiani. Alizunguka nyumba, akagonga mbao, akatazama jiko langu, akauliza tunapikia kuni au makaa. Kisha alikaa sebuleni na kumweleza mume wangu polepole nini kimo na nini hakimo. Mimi nilikuwa nachemsha maziwa, nikawa nasikia kipande na kupoteza kipande. Nilisikia mume wangu akiomba vitu vya ndani viingizwe pia. Nikafikiri, sawa, na viingizwe. Nikampa mgeni kikombe cha maziwa, akashukuru, akaenda zake. Baada ya hapo asiransi ikawa kama kodi nyingine tu, tunaikumbuka siku ya hesabu ya maziwa na kuisahau tena.

Chini ya malisho yetu palikuwa na shamba la mama mmoja mjane. Familia yake ililima mlima ule tangu mababu. Maharage, mahindi, viazi. Aliishi peke yake, watoto wake wakiwa Goma. Tangu nilipofika pale kama mke mgeni, asiyejua hata kukamua, mama huyo ndiye aliyenionyesha mahali pa kuteka maji safi na namna ya kuhifadhi mbegu zisiliwe na wadudu. Aliniita mutoto wangu. Mimi nilimwita Mama tu, bila kuongeza kitu.

Wiki chache kabla ya haya ninayosimulia, ng'ombe wetu mmoja aliingia kwenye maharage yake akayakanyaga vibaya. Mume wangu alienda kuomba msamaha, akapeleka maziwa, na mama akapokea. Lakini alikuwa ameumia, na mbele ya watu waliokuwa wamesimama pale alisema, "Mungu anaona vyote." Watu wa kwetu husema hivyo kila siku, hata mvua ikinyeshea nguo zilizoanikwa. Siku ile hakuna aliyelishika neno lile.

Radi ilipiga mchana. Watoto walikuwa shuleni, mume wangu alikuwa bado njiani na mabidoni ya maziwa. Mimi nilikuwa kwa mama mjane. Aliniita nimsaidie kutoa maharage kwenye maganda kabla ya mvua. Mvua ilitukuta tunafanya kazi hiyo, tukasogea ndani, yeye akakaa karibu na mlango apate mwanga. Radi za milima yetu si kitu cha kushangaza, zinapasua juu ya vichwa vyetu karibu kila jioni ya msimu wa mvua. Lakini ile nilisikia mlio na mwanga kwa pamoja, na udongo ukatikisika chini ya mkeka.

Mama alisimama. Nilikuwa sijaona kitu, nimefumba macho. Akanishika bega akasema, "Mutoto wangu, kimbia, nyumba yenu inaungua."

Nilikimbia kwenye mteremko ule nikianguka na kuinuka. Bati za upande wa jiko zilikuwa zimejikunja kama karatasi, na moshi mweusi ulitoka kwenye mbao. Nilisimama uani nikawa sijui nianze na nini. Nilipogeuka nilimwona mama mjane anapanda mlima na ndoo kichwani, na umri wake ule. Alimwaga maji ukutani akarudi kuteka mengine. Ndipo majirani wakaanza kufika na mabeseni na mabidoni, na mvua yenyewe ikasaidia. Moto ulikula jiko, chumba tunachowekea fromaji, jibini yetu ya kuuza, nusu ya sebule na paa karibu lote. Chumba cha kulala kilibaki na kuta tu, vitu vyake vimelowa maji na masizi. Ng'ombe mmoja, aliyekuwa amefungwa chini ya mkaratusi karibu na nyumba, alikuwa amelala ubavu, amekufa bila jeraha.

Mume wangu alipofika, alituhesabu kwa macho, mimi na watoto waliokuwa wametoka shuleni, kisha akakaa juu ya bidoni. Alisema, "Muko wazima."

Tulihamia kwa ndugu yake, shemeji yangu, aliyekuwa na nyumba kubwa upande wa pili wa bonde. Alitupokea kwa moyo mweupe, sitaki mtu afikiri vinginevyo. Alitoa chumba chake, akachinja mbuzi, akapeleka watoto wetu shule pamoja na wake. Lakini shemeji yangu alikuwa mtu ambaye kila jambo kwake lilikuwa na mtu nyuma yake. Kabla ya wiki kuisha alikuwa ameshaunganisha mambo: ng'ombe kaingia shambani, mama kasema Mungu anaona, radi imepiga nyumba ya mwenye ng'ombe na kuua ng'ombe. Nilimwambia kwamba mimi nilikuwa naye mchana ule, tumekaa tunatoa maharage, hakufanya kitu.

"Haujiulizi kwa nini alikuita kwake siku ile?" alinijibu. "Alijua, njo maana alikuita. Hakutaka damu yako. Alitaka nyumba."

Neno kama lile ukilijibu linakula na jibu lako. Na lilikuwa limeshatoka nje ya nyumba ile. Nililisikia kisimani, nikalisikia baada ya ibada. Wanawake waliokuwa wakimsalimia mama walianza kupita njia ya juu. Watoto wakaambiwa wasichukue mahindi mkononi mwake. Kwa mtu asiyeishi kwenye milima yetu, yanaweza kuonekana mambo ya uvumi tu. Mimi nilijua wazee waliofukuzwa kwenye mashamba yao kwa neno dogo kuliko hilo, na nilijua pia kwamba sisi ni watu wa ng'ombe na yeye ni wa jembe, na kwamba neno la namna hiyo likipita kati ya pande hizo mbili haliishii kwa mwanamke mmoja. Niliogopa kuliko nilivyoogopa moto.

Nilienda kumwona. Alikuwa amekaa ndani, mlango umefungwa mchana kweupe. Aliniambia mtoto wake wa Goma amempigia simu, anataka aondoke Muheto. Akaniuliza kama mume wangu naye anaamini. Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli. Mume wangu hakuwa amesema lolote. Kila nilipomuuliza alijibu kwamba tungoje kwanza nyumba.

Ni yeye aliyekumbuka asiransi. Alipanda mpaka pale juu penye rezo, mahali simu inaposhika mtandao, akapiga simu Goma. Waliomwitikia walimwambia asiondoe kitu, asibomoe ukuta, ajenti anakuja. Nilipompigia mama yangu Itebero kumweleza, alicheka. Aliuliza ni mtu gani mwenye akili anayeweza kumlipa mtu kwa ajili ya radi. Nilicheka naye kidogo, mara ya kwanza tangu moto, kwa sababu hata mimi sikuamini.

Ajenti alikuja, yule yule mwenye buti. Habari ya kuja kwake ilikuwa imesambaa, na watu walijaa uani kwetu, wengine wa kusaidia, wengi wa kutazama. Alitembea ndani ya masizi, akapiga picha, akainua bati kwa mguu. Safari hii sikuchemsha maziwa. Nilimfuata nyuma hatua kwa hatua nikiuliza.

Paa limo? Limo. Kuta za mbao? Zimo. Plake ya jua, ile ya umeme, iliyokuwa imepigiliwa juu ya bati? Imo, kwa sababu imeshikana na nyumba. Vitanda, magodoro, cherehani yangu? Vimo, kwa sababu mume wangu alivitaja siku ile ya kontra. Hapo nilimtazama mume wangu kwa jicho lingine. Nguo na blanketi zilizolowa maji ya kuzimia moto nazo zilikuwamo. Ajenti alisema maji ya kuzima moto yanahesabiwa pamoja na moto wenyewe. Lakini ng'ombe hakuwamo, kwani asiransi yetu ilikuwa ya nyumba na ng'ombe alikuwa nje. Fromaji zilizokuwa zimepangwa zikingoja soko hazikuwamo, zile ni biashara, zinahitaji kontra yake. Na ufa wa ukuta wa nyuma, nilioonyesha nikidhani ni wa radi, aliuinamia akaona udongo wa mlima umesukuma msingi tangu zamani. Udongo unaotelemka haumo. Alinieleza bila haraka, na alipokuta jambo ambalo halimo alisema halimo, hakulifunga kwa maneno mazuri. Nilimwamini kwa sababu hiyo. Mtu anayesema ndiyo kwa kila kitu ningemwogopa.

Kisha akakaa juu ya kiti kilichopona, akaweka makaratasi magotini, akamuuliza mume wangu mbele ya wote moto ulianzaje. Mume wangu alifungua mdomo, lakini shemeji alimtangulia.

Alisema, "Mama, tusikudanganye. Hii radi ilitumwa. Aliyetuma tunamujua, iko hapa chini."

Niliona watu wakigeuza macho kuelekea paa la nyumba ya mama mjane. Nilishika ukuta, masizi yakaingia kiganjani.

Ajenti hakucheka wala hakukasirika. Aliweka kalamu chini. "Papa, tuseme muzuri," alisema. "Kama kuko mutu alichoma nyumba kwa makusudi, hiyo iko kesi ya polisi na tribinali, na dosie yenu ya malipo itasimama mupaka bamalize. Sasa uniambie. Ulimuona na kiberiti? Ao na petroli?"

"Hapana. Ilitoka juu."

"Kuko mutu mwingine alimuona?"

Shemeji alitazama watu. Wao walimtazama ajenti.

"Basi ilitoka juu," ajenti alisema. "Mimi naandika radi. Kwa asiransi, radi haina mwenye." Akamgeukia mume wangu. "Lakini nyumba iko yako, Papa. Ni wewe unapashwa kusema."

Mume wangu alikuwa amesimama karibu na mabidoni yake. Najua alikuwa kati ya ndugu yake aliyetulaza na kutulisha, na yule mama ambaye nilimsimulia alivyopanda na ndoo. Akasema, "Ni radi."

Ajenti akaandika. Halafu akasema anahitaji majina ya watu waliouona moto ukianza, si walioukuta umeshawaka. Nilisema mimi nilisikia mlio, ila mtu aliyeona kwa macho alikuwa mama jirani, kwa kuwa yeye alikaa mlangoni. Sikupanga kusema hivyo. Nilijibu nilichoulizwa. Ajenti akasema aitwe.

Hakuna aliyesogea. Nilikuwa nimeshaanza kushuka mwenyewe, mume wangu akanipita. Aliteremka njia ile yote, watu wanamtazama, akagonga mlango wa mama mjane, akasimama nje akingoja. Ulichukua muda kufunguliwa. Walizungumza maneno tusiyoyasikia. Kisha tukawaona wanapanda, mama mbele amejifunga kitenge chake cha kanisani, mume wangu nyuma yake kwa mwendo wa mama. Alipofika uani mume wangu alimtafutia kiti, na kwa kuwa hapakuwa na kingine, ajenti alisimama akampa chake.

Mama alieleza alichokiona. Sauti yake ilikuwa ndogo mwanzoni. Aliona mwanga mweupe unashuka juu ya nyumba, upande wa jiko, halafu moshi, akaniambia nikimbie. Ajenti alimuuliza ikawaje baada ya hapo, na kabla mama hajajibu, mume wangu akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Ni yeye alileta maji ya kwanza. Mbele ya batu bote kufika."

Mama aliinamisha kichwa. Alitia saini yake pale alipoonyeshwa, jina lake kamili, herufi moja moja, na watu wakamtazama akiandika. Mwanamke mmoja miongoni mwa wale waliokuwa wakipita njia ya juu alisogea akamsaidia kusimama. Shemeji yangu alikuwa ameondoka kwenda kutazama ng'ombe. Hakuomba radhi siku ile wala siku nyingine, lakini neno lile sikulisikia tena kinywani mwake, na asiposema yeye, wengine walikosa pa kulianzia. Baada ya muda mama alimwambia mtoto wake wa Goma kwamba haondoki, ana viazi vya kuvuna.

Tulingoja malipo kwa wasiwasi wote wa watu ambao hawajawahi kulipwa na kampuni. Mume wangu alipanda mara nyingi penye rezo. Kampuni haikukataa, ilichelewa tu, kisha siku moja akashuka kutoka juu akitembea upesi, nikajua kabla hajafika. Walilipa nyumba na vitu vya ndani, vile vile ajenti alivyosema, na hawakulipa ng'ombe wala fromaji, vile vile alivyosema. Nilishangaa kuona kwamba sikuumia kwa yale ambayo hayakulipwa. Nilikuwa nimeshayajua.

Mama yangu alipopata habari Itebero safari hii hakucheka, aliuliza kama na yeye anaweza kuandikisha nyumba yake ya majani. Nikamwambia nitamuuliza ajenti. Nilimuuliza kweli, akasema kampuni yake haichukui nyumba za majani. Mama yangu akasema basi tutabaki na watu wetu.

Sisi pia tulikuwa na watu. Malipo yalileta mabati na mbao mpaka barabarani, lakini kutoka barabarani mpaka uani zilibebwa na mabega ya majirani, wa ng'ombe na wa jembe. Shemeji yangu ndiye aliyepigilia bati la kwanza. Akiwa juu ya paa aliniuliza, kama mtu anayeuliza jambo lisilomhusu, asiransi ya nyumba kama yake ingekatwa maziwa kiasi gani. Nikamwambia amuulize ajenti mwenyewe, na amuulize kwanza nini hakimo.

Siku paa lilipokamilika tulipika viazi na maharage uani, watu wakala wakicheka. Nilimtafuta mume wangu nimpe sahani yake. Nilimkuta kwenye sebule mpya, amelala chali juu ya mbao zenye harufu ya miti mibichi, viatu miguuni, nyundo kando yake, anakoroma mchana ule na kelele zote zile. Tangu tuoane sikuwahi kumwona amelala jua likiwa juu. Niliifunika sahani, nikavuta mlango, nikarudi kwa wageni.